Faili la Karani wa Darajani

3 Machi

Babu mpenzi, mume wangu wa kwanza,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na goti limeacha kukusumbua. Sisi huku hatujambo. Mama kikohozi kimemwachia, sasa amerudi kugombana na kila mtu kama kawaida, tunashukuru. Shangazi amehamia nyumba yenye ngazi nyingi mno, mgeni akifika juu anahema kwanza ndipo asalimie. Mimi niko pale pale karakana ya miwani, nasaga vioo mchana kutwa, nikirudi nyumbani nakaa kwenye kompyuta yangu.

Sasa Babu, kaa vizuri. Nimeweza!

Unaukumbuka ule mchezo niliokueleza nilipokuja kuwatembelea, Milima Tisa, ambao nautunga mwenyewe kwa kujifurahisha. Hauna picha, ni maandishi matupu. Mtu anakaa kwao, anaandika "nenda kaskazini", na mashine inamjibu kwamba ameona mto, au jitu, au mlango uliofungwa. Kila mchezaji ana mhusika wake anayemkuza kidogo kidogo. Tumefika arobaini na watatu: kuna mwoka mikate wa mtaa wa nyuma, kuna seremala, kuna mshonaji, wengine siwajui hata sura. Ubaya wake ulikuwa mmoja tu. Umeme ukikatika, wote wanafutika. Mtu amepigana na majitu wiki nzima, akirudi anajikuta hana hata fimbo. Walikuwa wanaanza upya kwa sababu wananipenda, si kwa sababu nyingine.

Basi Jumapili nimemaliza kuandika sehemu ya kuhifadhi. Kila mtu sasa ana akaunti, jina lake na neno lake la siri. Akiaga, mashine inamwandikia faili: cheo chake, nguvu zake, majeraha, vilivyomo mkobani, na mahali alipoachwa amesimama. Nilizima kompyuta, nikachomoa waya ukutani kabisa, nikaenda kunywa maji, nikarudi nikaiwasha. Mwoka mikate alikuwa pale pale kisimani na ndoo yake mkononi! Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta.

Wewe umekaa masjala miaka thelathini na minne, na katika ukoo huu wote sioni mwingine wa kuielewa furaha hii. Cheza na sisi. Simu husikii, najua, lakini barua unaandika kuliko serikali. Niambie mhusika wako ni nani na afanye nini, mimi nitamwingiza.

Mkeo mdogo


27 Machi

Mke wangu mdogo,

Marahaba, marahaba. Barua yako imechukua siku kumi na tisa, nadhani ilikuja kwa miguu. Goti lipo, linanisalimia kila asubuhi kabla ya mtu mwingine yeyote. Paa la jikoni limezibwa. Bibi yako mzima, anauliza ni nani huyu anayeniandikia barua nene namna hii, nami nimegoma kumjibu ili anionee wivu kidogo. Hajaona wivu, lakini sijakata tamaa.

Habari yako nimeisoma mara tatu. Majitu sijayaelewa. Faili nimelielewa sana. Nilipofika pale ulipochomoa waya nikainuka kitini. Hongera, mjukuu wangu! Nimewahi kuwa na majalada elfu kumi na mbili chini ya ulinzi wangu, na sikupata hata siku moja ujasiri wa kuizima ofisi ili nione kama yatabaki.

Swali moja la kikazi. Faili la mtu unalifungua kwa jina au kwa nambari? Nijibu hilo kabla ya mengine yote.

Mhusika wangu aitwe Karani. Ni mzee, mrefu kuliko mimi (hapo usinibishie), na upanga hana. Mpe muhuri na kidau cha wino. Nasikia huko kwenu kuna daraja. Aende asimame katikati yake, na kila anayepita amwulize, "Una shida gani, na umeandikisha wapi?" Asitoke pale mpaka nitakapoagiza.

Babu yako


2 Mei

Babu mpenzi,

Shikamoo, na mpe Bibi shikamoo yake, umwambie wivu ni haki yake. Mama anakusalimu. Shangazi amepungua mwili kwa ajili ya zile ngazi na sasa anajisifu kana kwamba alipanga.

Babu, umekuwa mtu mashuhuri! Nilimweka Karani darajani siku barua ilipofika, na mpaka leo kasimama. Wachezaji hawajui kwamba maagizo yake yanakuja kwa posta. Wanaona mzee hali, halali, hapigani, na kila anayepita anaulizwa ameandikisha wapi. Wiki ya kwanza walicheka. Wiki ya pili seremala akamwachia mkate na upinde. Sasa mtu akienda kupambana na jitu lazima apite kwako kwanza, aeleze shida yake, aache kitu. Mkoba wako una mikate kumi na mmoja, pinde mbili, taa, kofia ya chuma na ua. Mwoka mikate anadai bila kusimama mbele ya Karani hapati bahati. Nilikuwa nacheka peke yangu kazini, fundi mkuu akaniuliza kama nimevuta gundi.

Swali lako: kwa jina, Babu. Majina yanapendeza. Nambari zinamfanya mtu aonekane mzigo wa stoo. Tena nimeongeza jambo watu wamelishangilia sana: mhusika akifika cheo cha kumi anaruhusiwa kujichagulia jina jipya la kishujaa. Ungeona wanavyopandiana kukifikia!

Niambie Karani afanye nini sasa.

Mkeo mdogo


21 Mei

Mke wangu mdogo,

Marahaba. Mikate kumi na mmoja! Nimemsomea Bibi yako, akasema duniani nimefanya kazi miaka thelathini na minne sikuletewa hata andazi, nimekwenda kusimama kwenye daraja la uongo ndiyo nalishwa. Tumecheka mpaka akashika mbavu.

Sasa sikiliza maagizo, nimeyafikiria siku nne. Karani awagawie mikate wote wenye majeraha. Kofia ampe seremala, maana yeye ndiye aliyeanza. Ua abaki nalo. Kisha asogee hatua tatu kuelekea kaskazini, hatua tatu tu, halafu asimame tena. Nataka nijue watasemaje. Tafadhali nijibu upesi, nakwenda posta kila Ijumaa na karani wa pale ameanza kunikimbia.

Hilo la majina halijanikaa vizuri. Masjala yetu tulikuwa na watu tisa wenye jina moja mpaka la babu. Na mtu anapobadili jina, faili lake linakwenda wapi? Lifikirie.

Babu yako


28 Juni

Babu mpenzi,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, kazi zilikuwa nyingi. Hali ya hewa huku ni nzuri kweli, upepo mwanana, mawingu machache, mtu anatamani kukaa nje. Mama amepaka rangi sebule, rangi nzuri, inakwenda na mapazia. Shangazi mzima. Karakanani tumeletewa mashine mpya ya kukatia vioo, ni ya kimya sana, hata hujui kama inafanya kazi.

Mchezo unaendelea. Kuna ukarabati kidogo.

Goti linaendeleaje? Usiache kulikanda na maji ya moto. Nisalimie Bibi.

Mjukuu wako


17 Julai

Mke wangu,

Marahaba. Nimejibu siku ile ile niliyopokea.

Kurasa mbili umeniandikia za upepo na mapazia, na hujasema Karani yuko wapi. Tena umejiita mjukuu wangu, jambo ambalo hujalifanya tangu uanze kushika kalamu. Mimi nimewaona watu waliopoteza faili. Kwanza huanza kusifia hali ya hewa. Umempoteza nani?

Kama ni mimi peke yangu, usijitaabishe, nitazaliwa upya. Lakini nahisi si mimi peke yangu, na nahisi wenyewe hujawaambia. Ukarabati! Neno hilo nililitumia mimi kabla mama yako hajaolewa.

Nitakueleza kitu ambacho sijamweleza mtu, hata Bibi yako. Miaka ishirini na sita iliyopita mkunga mmoja wa hospitali ya hapa alinikabidhi barua ya kuomba uhamisho. Watoto wake wawili walikuwa wanalelewa na nyanya yao mji mwingine, naye alitaka kwenda kufanya kazi karibu nao. Nikaipokea vizuri, nikaiweka kwenye jalada la mwanamke mwingine, mfagizi wa ofisi ya maji, mwenye jina kama lake herufi kwa herufi. Siku hizo tulipanga kwa majina. Yeye akasubiri. Kila mwezi alikuja dirishani kuuliza, nami nikamwambia kwa moyo safi kwamba bado wakubwa hawajajibu. Baadaye akaacha kuja.

Nikaiona baada ya miaka mitatu. Nilikuwa natafuta kitu kingine. Nikaitoa, nikaihamishia kwenye jalada lake, nikafunga kabati. Sikumwambia yeye, sikumwambia mkubwa wangu. Niliona aibu, basi. Watoto wakakulia huko huko. Mkunga amestaafu, anakaa mtaa wa pili kutoka hapa, na tukikutana dukani ananisalimia kwa heshima. Ile salamu yake inanichoma mpaka leo.

Kwa hiyo waambie leo. Si wiki ijayo ukishatengeneza. Halafu fanya tulivyokuwa tukifanya jalada likipotea: fungua jalada la muda. Mwenyewe aeleze kilichokuwemo, na kila aliyewahi kushughulika naye aeleze alichokiona. Utashangaa watu wanavyokumbukana.

Babu yako


8 Agosti

Babu mpenzi, mume wangu,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni na mfuko wa sokoni mkononi. Nikakaa chini pale pale kizingitini nikalia, halafu nikaingia ndani nikafanya ulivyosema. Salamu za nyumbani ni nzuri, Mama ananiona nalia anadhani nina mchumba.

Ilikuwa hivi. Maagizo yako ya mikate yalipofika nilimfungua Karani ili agawe. Nikakuta ana ndoo. Hana muhuri, hana wino, hana ua. Ana ndoo na cheo cha kumi, na amesimama kisimani. Mwoka mikate alikuwa amepanda cheo, akaruhusiwa kuchagua jina jipya, na kwa mapenzi yake kwako akachagua Karani. Mtu mpya akijiandikisha, mashine inakagua kama jina limeshachukuliwa. Huku kwenye kubadili jina sikuweka mkaguzi, nilisahau. Basi faili lake likaandikwa juu ya lako. Nikakagua mengine. Wanane, Babu. Wanane wamefunikwa na wenzao, na mimi nakala ya akiba sikuwa nayo hata moja. Wakaniuliza mbona hawawezi kuingia, nikawaambia mashine inatengenezwa. Majuma manane nimewaambia hivyo. Mshonaji alikuwa ananitumia ujumbe kila Jumamosi kunitakia kazi njema.

Nikawaandikia wote arobaini na watatu, nikaeleza kosa ni langu na kwamba nilidanganya. Seremala akajibu mstari mmoja: kosa angelisamehe, kudanganywa hapana. Ameondoka, hajarudi, na sidhani kama atarudi. Inaniuma, maana ana haki.

Lakini waliobaki! Nilitangaza jalada la muda siku ya Jumamosi, saa nane mchana, na nikadhani watakuja watano. Walikuja thelathini na wanane, wote wako kisimani kwa wakati mmoja, maandishi yanakimbia kwenye skrini siwezi hata kusoma! Kila aliyepotea alieleza alichokuwa nacho na wengine wakatoa ushahidi. Mmoja akadai alikuwa na panga mia, wakamzomea mpaka akashuka kwenye mbili. Mshonaji aliandika vitu vitatu tu, akasema inatosha. Watu wakamkatalia! Mmoja anasema, "Na ile ngao uliyonikinga nayo pangoni?" Mwingine, "Na dawa?" Mwingine akakumbuka hata jeraha la bega la mshonaji, akasisitiza lirudishwe, kwa sababu alilipata kwa ajili yake. Nikaandika, nikaandika, machozi na kicheko pamoja. Saba wamerudi.

Na wewe uko darajani. Walioshuhudia kwa ajili yako ni ishirini na mmoja. Mwoka mikate amelirudisha jina kwa kuomba radhi sana, sasa anaitwa Ndoo.

Kila mtu ana nambari. Wewe ni namba moja. Jina mtu abadili hata mara mia, faili halitikisiki. Mashine inaandika faili jipya kwanza, likikamilika ndipo inaondoa la zamani, na kila Jumapili napeleka nakala kwa Shangazi, napanda zile ngazi zote na diski mfukoni.

Sasa na mimi nina swali la kikazi, na unijibu kabla ya mengine. Uliniambia niwaambie leo, si wiki ijayo. Na mkunga je, Babu? Umeshakwenda?

Mkeo mdogo


6 Oktoba

Mke wangu mdogo,

Marahaba. Safari hii posta haina kosa, ni mimi. Bibi yako mzima. Goti limetembea kuliko lilivyozoea, utaona kwa nini. Karani abaki alipo kwa sasa, nina mambo makubwa kuliko majitu.

Barua yako ilifika wakati miwani yangu imevunjika mkono, na fundi wangu yuko mbali. Nikampa Bibi yako anisomee. Tulikuwa barazani. Akasoma yale ya ndoo, akacheka. Akasoma ya mshonaji, akajifuta macho. Yale ya ushahidi wa watu ishirini na mmoja nikamwomba arudie mara mbili, moyo unanidunda kama kijana aliyefaulu mtihani. Halafu akafika mwisho, akasoma, "Na mkunga je, Babu?" Akashusha karatasi. Akasema, "Mkunga gani?"

Ulinitia mtegoni, mtoto wewe, na hata hukujua.

Nikamweleza yote. Hakunigombeza, nilitamani anigombeze. Aliniuliza tu, "Na leo umeshiba?" Nikasema nimeshiba. Akasema, "Basi vaa viatu." Lakini sikuvaa. Siku ile sikuweza, wala wiki ile, wala mwezi ule. Kila asubuhi Bibi yako alivitoa viatu vyangu akaviweka mlangoni, na kila jioni akavirudisha ndani. Jumanne iliyopita nikavivaa.

Mkunga alikuwa anaanika nguo. Akaniamkia vizuri, akaniletea kiti. Nilikataa kukaa. Nikamwambia nikiwa nimesimama, kwa sauti, kama ninayemsomea mkubwa ripoti: barua yako ya uhamisho haikufika popote, niliiweka kwenye jalada la mtu mwingine, nikaiona baada ya miaka mitatu, nikanyamaza.

Alikuwa ameshika shuka, nusu iko kwenye kamba. Akamalizia kuitandaza, akaibana. Kisha akasema, "Kumbe hawakunikataa."

Nikasema hapana. Hakuna aliyeisoma.

"Miaka yote hii najua nilisomwa nikakataliwa," akasema. "Kila mkubwa wa hospitali aliyenisalimia nilikuwa najiuliza, ni huyu? Nilikosa nini mimi? Nilidhani labda kazi yangu haikuwa nzuri." Hapo akaanza kunisema, mjukuu wangu, na aliyoyasema sitayaandika, ni ya kwake. Watoto wake walipokuja kuishi naye walikuwa wakubwa, wakimwita kwa adabu kama mgeni. Nikasema pole. Neno lenyewe lilikuwa dogo nikaona haya kulitamka.

Hakusema amenisamehe, nami sikumwuliza. Aliingia ndani, akatoka na meza ndogo, karatasi na kalamu. Akasema, "Andika. Uandike kwamba haikufika, na kwa nini, uweke sahihi. Nataka wanangu waisome."

Nikakaa sasa. Niliandika kwa mwandiko wangu wa masjala, mwandiko ambao sijautumia tangu nistaafu, na namba ya jalada lake, ambayo lilipewa tulipoacha kupanga kwa majina, nilikuwa naikumbuka. Nikampa. Akasoma polepole mpaka chini, akanirudishia. Akasema tarehe ya kuwasilisha barua nimeiacha wazi.

Nikamwambia siikumbuki.

"Mimi naikumbuka," akasema. "Tarehe tisa Novemba, Jumatano, saa nne asubuhi. Ulikuwa umevaa shati la kijani, ukaniambia nisiwe na wasiwasi."

Nikaandika yote, pamoja na shati.

Babu yako